Aliyemwekea Adelfina Kizuizi

Ulikuwepo. Usiniambie ulikuwa msibani Rulenge, mimi nilikuona kwa macho yangu, benchi la tatu upande wa wanaume. Katekista Fideli alisimama kusoma matangazo ya ndoa, na kijiji kizima cha Kirushya kilijua kwamba siku ile ni mara ya tatu na ya mwisho kwa Adelfina binti Renatus na Mwalimu Protasi. Jumamosi ndoa. Akasoma jozi ya kwanza. Akasoma ya pili. Akakunja karatasi.

Adelfina akasimama katikati ya akina mama.

— Shikamoo katekista. Umeturuka.

— Marahaba binti yangu. Kaa chini.

— Nikae kwa nini? Jina langu liko wapi?

— Kuna mtu ameleta kizuizi. Paroko atalichunguza jambo hilo. Kaa, usituharibie ibada.

Na wewe ukafanya nini? Ukatazama viatu vyako. Viatu ulivyovitazama maisha yako yote!

Nina kumbukumbu ndefu, na hilo ndilo mnalonichukia. Nakumbuka huyu binti akiwa kidato cha pili, amekaa na Protasi nyuma ya ghala la maharage, kitabu kimoja cha fizikia katikati yao, hawajui kama wanapendana au wanagombea ukurasa. Wote wawili waliomba nafasi ya kusoma nje. Akachaguliwa Adelfina. Protasi akawa mwalimu wa fizikia kule Kaniha, Biharamulo, na mkampongeza kwa kuwa na subira. Miaka yote hiyo alimngoja, na sasa Adelfina alikuwa amerudi likizo ili wafunge ndoa.

Kazi yake Ulaya mliicheka. Mlimwita mtengeneza nyota. Hata baba yake, Mzee Renatus, alimuuliza jikoni wiki aliyofika:

— Sasa mwanangu, nyota unaipata wapi ndani ya nyumba?

— Siipati baba. Tunachukua kidonge cha plastiki, kidogo kuliko punje ya ulezi. Tunakipiga kwa miale ya leza kutoka pande zote, kwa pamoja. Kinalipuka kama nyota inavyolipuka ikifa.

— Punje na nyota! Unanidanganya mzee.

— Baba, umeyaona maji ya Ruvubu yakizunguka jiwe?

— Nimeyaona tangu utoto.

— Chovya kidole kwenye beseni, uyakoroge. Si yanazunguka vilevile? Mto ni mkubwa, beseni ni dogo, mwenendo ni mmoja. Nyota inachukua maelfu ya miaka kusambaza mlipuko wake. Kidonge changu kinamaliza kabla hujapepesa jicho, nasi tunapiga picha tunajifunza.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akasema:

— Basi wewe ni mpishi. Unaonja kwenye kijiko kabla ya kupakua sufuria.

Huyo ndiye mliyemsema ni malaya.

Baada ya ibada alimfuata Fideli nyuma ya kanisa.

— Katekista, nani kaleta kizuizi?

— Nimeahidi kutomtaja.

— Kasema nini basi? Hilo hukuahidi.

Fideli akashusha sauti.

— Kasema una mwanaume huko. Iradukunda, mtoto wa kambi ya wakimbizi ya Benaco.

— Iradukunda ninafanya naye kazi. Ana mke na watoto. Endelea.

— Kasema mlikumbatiana kwenye chumba cha mitambo. Kasema ulimfuta machozi kwa kitenge cha marehemu mama yako. Binti, kitenge cha marehemu! Watu wa hapa wakisikia hilo...

— Rudia.

— Nirudie nini?

— Hilo la kitenge. Rudia kama lilivyosemwa.

Akarudia. Adelfina hakulia. Alimshukuru, akashika njia ya kwa kina Protasi.

Alimkuta mgombani anakata majani makavu, shati la kanisani bado mwilini.

— Mwalimu.

— Usiniite mwalimu leo. Umeniaibisha mbele ya ukoo wangu.

— Nimekuaibisha mimi?

— Nani basi? Kila siku Iradukunda hivi, Iradukunda vile. Iradukunda kasawazisha miale, Iradukunda kaniletea chai. Mimi nikupigie, simu imezimwa!

— Simu tunaziacha nje ya chumba, Protasi. Nilishakwambia. Pale ndani hairuhusiwi.

— Yeye si mko naye humo ndani?

— Tuko watu tisa humo ndani.

— Mpigie sasa hivi. Weka sauti ya nje, nisikie mwenyewe.

Adelfina akamtazama. Akapiga.

— Bibi harusi! Iradukunda alipokea kwa kelele. Pombe ya ndizi imeiva? Mke wangu anauliza utamletea nini.

— Niko na Protasi hapa. Anakusikiliza.

— Aaa, shemeji! Habari za Ngara? Mama yangu alinizalia hapo Benaco, kwa hiyo mimi ni mtu wenu mpende msipende. Sasa sikia, tafadhali usitucheleweshee huyu dada. Zamu yetu ya leza ni Alhamisi ya wiki ijayo. Tumeingoja mwaka mzima. Mwenye jaribio asipokuwepo, wanawapa wengine, na sisi tunarudi nyuma ya foleni.

— Hakuna namna ya kusogeza? Protasi aliuliza, na sauti yake ikawa laini ghafla. Mwezi mmoja tu?

— Shemeji, ule mtambo hausogezwi hata kwa mfalme.

Simu ikakatwa. Protasi akaacha kisu, akamshika Adelfina mkono kwa upole mno.

— Mpenzi, wivu wangu ni wa mapenzi tu. Mimi nakuamini. Ila watu hawakuamini. Ukiondoka sasa watasema umekimbia. Baki. Paroko achunguze, mwezi, miezi miwili, jina lako lisafishwe, tufunge ndoa yetu kwa heshima. Leza zipo siku zote.

— Zipo siku zote?

— Mwambie huyo bwana apige leza yeye.

— Protasi, nani mwingine anajua habari ya kitenge?

— Kitenge gani?

— Ile siku vidonge vilipoacha kupasuka upande. Miaka mitatu tulikuwa tunashindwa, picha ikatoka duara safi, wimbi la mlipuko linasukuma kama lilivyo angani. Iradukunda akalia kama mtoto, nikampa kitenge cha mama ajifute. Usiku ule ule nikakupigia. Wewe peke yako. Baba sijamwambia, maana kitenge kile amekuwa akikililia tangu mama afariki. Sasa katekista anacho mdomoni. Kimefikaje?

Protasi akainama kuokota kisu. Hakukiokota.

— Ni wewe, alisema Adelfina. Ni wewe uliyejiwekea kizuizi kwenye ndoa yako mwenyewe!

— Sikutaka kuivunja. Nilitaka ichelewe.

— Ichelewe mpaka zamu yangu ipite.

— Adelfina...

— Ulihesabu! Ulijua nikikaa kusafisha jina, Alhamisi inanipita. Kwa nini?

Hapo ndipo Protasi alisema ukweli, pengine kwa mara ya kwanza tangu kidato cha pili.

— Mimi simwonei wivu Iradukunda. Ninakuonea wivu wewe. Kila muhula nachora mstari ubaoni, nawaambia watoto huu ni mwale wa mwanga. Chaki! Wewe unaushika wenyewe. Tulisoma kitabu kimoja, Adelfina. Kimoja! Nilitaka walau mara moja na wewe ujue kupitwa kukoje.

— Ungeniambia hivyo tungelia pamoja.

— Nisamehe.

— Nikusamehe mangapi? Umenichafua mimi, umemchafua mtu anayekuita shemeji, umemchimbua mama yangu kaburini. Nenda kwa paroko, sema ni wewe.

— Nikisema hivyo nitafundisha vipi Kaniha? Nitatembea vipi hapa?

— Mimi nilitembeaje leo kutoka kanisani mpaka hapa?

Protasi akaanza kulia, na Adelfina, ambaye siku moja alimpa mwenzake kitenge ajifute, safari hii aliweka mikono nyuma.

— Siolewi na mtu anayeniuma kila ninapong'aa. Kaa salama, Protasi.

Jumanne Mzee Renatus alimsindikiza bintiye mpaka kituo cha basi cha Benaco. Alhamisi ya wiki iliyofuata alikuwa mbele ya mtambo. Jioni baba yake akapata ujumbe: "Baba, nyota imelipuka vizuri. Imekuwa duara. Nimekula, usiwe na wasiwasi."

Protasi alirudi Kaniha kimyakimya. Kwa paroko hakwenda. Fideli ameshajua kwamba yalikuwa uongo, maana Adelfina alimweleza kabla hajaondoka, lakini naye anasema aliahidi kutomtaja mtu. Mmeacha hadithi itembee ilivyo: msomi malaya, mtoto wa mkimbizi, mwalimu aliyeonewa. Miaka thelathini mtu amezaliwa kwenye ardhi yenu na bado jina lake ni kambi!

Na mnamwadhibu nani? Mzee. Jumuiya ya sala inazunguka nyumba kwa nyumba, kila familia na wiki yake. Wiki iliyopita mlimtembelea jirani yake wa kushoto. Leo ni kwa Renatus. Nimepita hapo asubuhi. Ametandika mikeka, amepanga viti vya kuazima, ameweka kiberiti karibu na mshumaa. Nimesikia pia mnavyoambizana kwenye simu: mimi naumwa, mimi nina shamba, mimi nitakwenda kwa jirani wa kulia wiki ijayo.

Sasa umeshajua nani aliweka kizuizi. Huwezi tena kusema hukujua. Jumuiya inaanza saa kumi. Acha simu, vaa viatu vyako, ingia kwa Mzee Renatus, keti mbele watu wakuone, na kabla sala haijaanza taja jina la Protasi kwa sauti. Inuka. Anakungoja mlangoni.