Fundi wa Miguu Anataka Unga Mpya

"Saini, mpenzi, tuwahi kupima gauni."

Mchumba wangu, ambaye pia ndiye bosi wangu, alinisukumia fomu. Kazi yangu ni kuwauliza wateja wanapenda unga gani wa plastiki, ule ambao mashine zao huuyeyusha tabaka juu ya tabaka mpaka kitu kikamilike. Fomu niliijaza mimi. Majibu aliyabadilisha yeye.

"Hapa umeandika fundi wa miguu ya bandia anapenda unga wa kuchanganya mpya na wa zamani."

"Ndiyo."

"Aliniambia anataka mpya mtupu! Uliokwisha kupikwa ukirudi mashineni, mguu unatoka na vipele kama ganda la chungwa. Mtu akiukanyagia, unakatika."

"Pipa limeshakwenda kwake. Akilalamika, fomu itasema alichagua mwenyewe."

"Hakuchagua!"

"Mteja hajui anachopenda. Mimi ndiye ninayempendea."

"Kama unavyonipendea mimi? Gauni umechagua wewe. Nyumba, wewe. Hata marafiki umenipunguzia."

Akacheka. "Na bado umenenepa."

Nilitazama mlango. Nje, kaka yangu alikuwa akichekecha unga wa bosi. Mama alikuwa akiishi katika nyumba ya bosi. Ningekimbilia wapi, nami nimezungushiwa ukuta wa fadhila?

Nikamwandikia Mama: "Siwezi kuolewa na huyu."

Akajibu: "Mwanangu, vumilia. Harusi ni Jumamosi. Tukitoka hapa tutalala wapi?"

Kabla sijaweka simu chini, ikaita. Fundi wa miguu.

"Dada, pipa limefika. Nawasha mashine sasa hivi, mgonjwa wangu ana hamu ya kusimama. Huu ni mpya kabisa, eti?"

Bosi alimsikia, akanishika kiwiko. "Sema ndiyo. Neno moja tu, mke wangu."

Nilitazama pete kidoleni.

"Dada? Upo?"

"Nipo. Usiwashe, kaka. Umechanganywa na wa zamani. Rudisha pipa."

Kiwiko kikaachiwa kama kaa la moto.

"Chukua kaka yako mtoke! Na nyumba yangu muihame leo!"

Nilivua pete, nikaiweka juu ya fomu isiyo na saini. Ngazini nikampigia Mama.

"Mama, fungasha."

"Umemuudhi?"

"Nimemuudhi sana."

Kisha nikasikia kabati likifunguliwa.

"Basi naanza na masufuria. Yale ni yetu."