Chumvi ya Ng'ombe wa Gloria

Asubuhi hiyo, Honoratha, afisa mifugo wa kata ya Busawe, alikuta ng'ombe wamekufa kwenye zizi dogo la Mzee Zablon, matumbo yamevimba, povu limeganda puani. Walikuwa ng'ombe wa mahari ya Gloria, binti wa mzee. Wale wa zizi kubwa walikuwa wazima. Nje, jirani yao Kornelio alikuwa amefungwa kamba, vijana, Rubeni mwana wa mzee akiwamo, wamemzunguka na marungu.

"Shikamoo mzee. Mmemfungia nini huyu?"

"Marahaba, daktari. Tunagombea naye kisima. Na kwake kuna mbolea."

"Mbolea nani hana?" alifoka Kornelio.

Honoratha alichungulia hori. Masalio ya chumvi yalikuwa yamechanganyika na udongo.

"Chumvi anawapa nani?"

"Mimi," alijibu Wegesa, mke wa mzee na mama yake Rubeni. "Niliwapa jana jioni. Huyu alikuja baadaye akaongeza sumu yake."

Honoratha alimtazama. Hakuna aliyekuwa ametaja sumu ndani ya chumvi.

Aliomba maji, sufuria na kitambaa safi. Akakoroga masalio yale, akayachuja. Kwenye kitambaa kikabaki udongo, na pamoja nao chembe laini za kahawia. Maji yaliyochujwa akayachemsha hadi yakakauka, ukabaki weupe. Akauhamishia kikaangoni.

"Chumvi haiyeyuki kwa moto wa jikoni," alisema.

Lakini sehemu ya weupe ule iliyeyuka, na harufu kali kama ya mkojo uliolala ikawachoma pua.

"Mbolea ya urea. Ng'ombe akiilamba nyingi, hufa," alisema. Marungu yakainuliwa. "Ngojeni! Urea ya dukani ni punje za mviringo. Hii ilisagwa ifanane na chumvi. Na ilikosagiwa kulikuwa na unga wa wimbi. Huu hapa." Akawaonyesha kitambaa. "Kornelio, wimbi unasaga wapi?"

"Mashineni. Kwangu hakuna jiwe la kusagia."

"Na hapa?"

Zablon alimtazama mkewe. "Jiwe liko jikoni kwa Mama Rubeni. Ufunguo anao mwenyewe."

Wote wakamgeukia Wegesa. Hakukana.

"Ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka yake," alimwambia mumewe. "Rubeni wangu amengoja. Wewe ukasema Ijumaa wanapelekwa mahari Kemambo, ukajiolee binti aliyesoma darasa moja na Gloria! Kama hawamwozi mwanangu, hawamwozi mtu."

"Na mimi je, Mama Rubeni?" Kornelio aliuliza. "Wangeniua."

"Nilijiambia watakupiga tu."

Zablon aliinua fimbo. Rubeni akaidaka mkononi mwa baba yake, kisha akaenda kumfungua Kornelio, bila kumtazama mama yake. Honoratha alikuwa tayari anawapigia polisi simu.

Vijana walianza kusogea upande wa Wegesa, marungu bado mikononi. Kornelio alisugua viganja vilivyokufa ganzi, akawapita, akasimama mlangoni mwa jiko mbele ya yule mama. Hakuondoka hapo mpaka gari la polisi lilipofika.