Jirani Aliniambia Nyumba Yangu Imesombwa

Mimi ni mama wa watoto wawili, umri wangu miaka ishirini na saba, na ninaishi kwa shangazi yangu katika landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, hapa Nakuru. Wasomaji wenzangu, sikuja hapa kwa kupenda. Nililetwa na mafuriko, nikabakizwa na ulimi wa mtu niliyemwita dada.

Mume wangu alikuwa dereva wa trekta katika shamba la mzungu kule Ndabibi. Mvua ya mwaka ule ilikuja na upepo wa kung'oa mabati. Asubuhi moja mto ukavunja kingo, maji yakaja moja kwa moja kambini kwetu. Nyapara alipita akiamuru wanawake na watoto tupande lori. Mdogo nilimbeba mgongoni, mkubwa nikamshika mkono... sikuchukua hata sufuria.

Mume wangu alibaki kuokoa ng'ombe. "Nenda kwa shangazi," aliniambia. "Maji yakishuka nitatuma habari."

Nikangoja. Lori la maziwa likifika mjini kutoka upande wa Naivasha, nilikimbia kumwuliza dereva. Alisema kule ni matope matupu, hajui zaidi. Kwenda mwenyewe sikuweza. Siku hizo za Hali ya Hatari, ukisafiri bila kibali ungelala kituoni. Mnajua kungoja kunavyomla mtu?

Ndipo akaja Perpetua. Tulikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta, na ndiye aliyempokea mtoto wangu wa pili mikononi. Alipika katika nyumba ya mzungu, kule juu kilimani, kwa hiyo yeye hakuhamishwa, na kibali cha safari alipewa na mzungu huyo. Alinikumbatia akalia.

"Mama Agneta, nyumba yako imekwenda yote. Hata kijiti hakuna. Baba Agneta naye amepelekwa shamba lingine, sijui atarudi lini. Kaa hapa tu, usihangaishe watoto."

Nililia mpaka sauti ikakauka. Akatuachia maharagwe ndani ya kikapu, akaenda zake.

Kesho yake nikakaa kuyachambua. Yalikuwa na majivu yaliyochanganywa na pilipili ya kupondwa. Mikono yangu ikasimama... Hivyo ndivyo mama yangu alivyonifundisha kuhifadhi maharagwe, na kambi nzima hakuna mwingine aliyefanya hivyo. Tena majivu yalikuwa makavu, nikiyapuliza yanaruka.

Nilimwonyesha shangazi. "Labda aliyaokoa kabla ya maji kufika," akasema.

"Lini, shangazi? Maji yalifika tukipanda lori, na yeye alikuwa kilimani."

Toka hapo sikuwa na amani. Nilirudia kila neno lake. Kwa nini hakuuliza nitarudi lini? Kwa nini mume wangu hakumpa hata salamu za watoto?

Mume wa shangazi alinihangaikia kibali. Watoto nikawaacha kwa shangazi, nikapanda gari moshi hadi Naivasha, kisha lori la maziwa.

Nyumba ilikuwa imesimama. Alama ya matope ilifika magotini tu ukutani. Moshi ulitoka jikoni, na aproni ya Perpetua ilianikwa kwenye kamba yangu. Mume wangu alikuwa nje, anakula.

Aliponiona aliweka sahani chini. "Si ulisema hurudi?"

"Nilimwambia nani?"

Akatazama mlango. Perpetua alikuwa amesimama pale, mwiko mkononi.

"Alisema umeapa hutakanyaga matope haya tena," mume wangu akasema polepole. "Kwamba shangazi yako amekutafutia mtu wa reli."

"Na wewe hukuja kuniuliza?"

Akaokota sahani yake. Lori la maziwa lilipita getini kila asubuhi likienda Nakuru, na hakuomba kibali cha kulipanda hata mara moja... Mpaka leo sijui kama mume wangu alidanganywa, au alifurahi kudanganywa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko Perpetua.

Nilikusanya nguo za watoto nikarudi nilikotoka.

Dada zangu, nawaomba. Mkitengwa na nyumba zenu, kwa mvua au kwa kazi, msikubali habari zenu zipite katika mdomo mmoja, hata kama mdomo huo unalia. Ulizeni na wengine. Mkiweza, nendeni wenyewe mkaone, na mwende mapema kuliko nilivyokwenda mimi.