Msumari Kwenye Kiatu cha Redio

Kila nikitoka shule, kazi yangu ni kupiga rangi viatu kwenye kibanda cha babu. Babu ni fundi viatu, lakini mtaa mzima unamwita Koplo, kwa sababu zamani alikuwa mwanajeshi na alipewa medali ya ushujaa vitani. Ana utaratibu wake. Akimaliza kutengeneza kiatu, anaingiza mkono ndani na kupapasa soli yote. Akishahakikisha hakuna msumari uliochomoza, ananipa mimi nikipige rangi. Baada ya hapo hakikagui tena.

"Mkono wa mwisho ni wako, mjukuu wangu," husema.

Jumatatu moja mkono huo ulikuwa unaniwasha. Asubuhi mwalimu alitutaka tuzungumze darasani kuhusu mtu tunayejivunia, nami nikapeleka medali ya babu. Hata sijamaliza kuifungua kwenye leso, msichana tunayemwita Redio, maana mdomo wake hauzimwi, akapaza sauti: "Aa, hicho si kifuniko cha soda? Shujaa gani huyo anayeshinda amekumbatia viatu vya watu vinavyonuka?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu aliwanyamazisha, lakini mimi nilikuwa nimeshakaa chini. Nikaapa moyoni kwamba huyu atanikoma. Lazima alie, na mimi nimwone.

Na mchana, viatu vyake si hivyo hapo kibandani! Kisigino cha kushoto kilikuwa kimebanduka. Babu alikipigilia, akakipapasa, akanipa. Alipogeuka kumsikiliza mteja, nilichukua msumari nikaugongomea kutoka chini ya kisigino, taratibu, mpaka ncha ikachungulia ndani. Nani atashtuka kusikia nyundo kwa fundi viatu? Kisha nikakipiga rangi mpaka kikang'aa.

Redio alipokuja, nilimkabidhi viatu kwa mikono miwili. "Karibu tena, dada," nikamwambia. Akanitazama kwa mshangao, akavitia kwenye mkoba wake, akaenda zake. Sitadanganya, nilijisikia vizuri sana.

Furaha ikanizidi, nikashindwa kunyamaza. "Babu, leo nimekulipizia kisasi."

"Kisasi cha nini tena?"

Nikamweleza yote: kifuniko cha soda, vicheko, msumari. Nilidhani atanipigia saluti. Wapi! Uso ulimbadilika, akauliza kitu kimoja tu: "Anakaa wapi?" Akatia koleo mfukoni, akanishika mkono, tukatoka.

"Koplo, na mimi je?" mteja alilalamika, amesimama na kiatu kimoja mguuni.

"Nisubiri!"

Babu anasumbuliwa na magoti, lakini siku hiyo mimi ndiye niliyehema nyuma yake. Tulimkuta Redio kizingitini kwao, akimwonyesha mama yake viatu. Cha kulia alikuwa ameshakivaa. Cha kushoto alikuwa amekishika, ameinua mguu.

"Usivae!" nilipiga kelele. "Kina msumari! Nimeutia mimi."

Redio aliingiza kidole kisiginoni, akakitoa haraka. Machozi yakamlengalenga. "Yaani ulitaka kunitoboa mguu?"

Nilikuwa nimetamani sana kumwona akilia. Sasa nilimwona, na sikujua pa kuuweka uso wangu.

"Mtoto huyu ana roho ya namna gani?" mama yake alifoka.

"Una haki ya kukasirika, mama," babu akasema. "Roho hiyo naifahamu. Hata mimi niliwahi kuwa nayo." Akakaa kizingitini, akaanza kuung'oa msumari huku akizungumza.

"Jeshini kulikuwa na mwenzangu aliyenidhihaki kila siku mbele ya watu. Siku moja tukashambuliwa, tukarudi nyuma, yeye akabaki amejeruhiwa. Akawa ananiita kwa jina. Nilimsikia vizuri. Nikalala handakini nikisema, acha aite, leo atanitambua. Nilikaa hivyo muda mrefu. Mwisho moyo ukanisuta, nikatambaa katikati ya risasi, nikamleta mgongoni. Ndipo nikapewa medali."

"Alipona?" Redio aliuliza kwa sauti ndogo.

"Aliishi, lakini mguu ulikatwa. Daktari alisema angefikishwa mapema, usingekatwa. Watu wote walinisifu kwa kurudi. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nilichelewa."

Redio akajifuta machozi. "Nisamehe, Koplo. Na wewe pia. Nilitaka tu watu wacheke."

"Nisamehe na mimi," nikasema. Hasira haikuwa imeniisha yote, lakini aibu ilikuwa kubwa kuliko hasira.

Babu akakipapasa kiatu ndani, kisha badala ya kumpa mwenyewe, akanipa mimi. "Vaa wewe kwanza."

Nilivua kandambili, nikaingiza mguu. Nikakanyaga polepole, kisha kwa nguvu. Ndipo nikakivua na kumkabidhi Redio.

"Mtu akikukosea, mwambie," babu akasema. "Asiposikia, mshtaki kwa mwalimu, au njoo kwangu. Lakini usikae ukingoja aumie ndipo moyo wako utulie, maana mengine hayarudi." Akautazama ule msumari kiganjani mwake. "Huu tumeuwahi. Mimi mguu wa mwenzangu sikuuwahi."