Kamba ya Mbuzi wa Kogo

Kila jioni, baada ya kuteka maji na kumaliza kazi ya shule, Byron Cheruiyot alivua viatu, akashuka kwenye laga na kuanza kukimbia. Laga ya Kakuma hupata maji mvua inaponyesha mbali milimani. Siku nyingine zote ni mchanga mtupu, na mchanga huo humshika mtu miguu kama mtoto anayekataa kuachwa nyumbani.

"Weye unakimbiaka kila siku, nani anakufukuza?" rafiki yake Kasongo alimuuliza. Kasongo alitoka Kongo na walisoma darasa moja. Kazi yake jioni ilikuwa kukaa ukingoni na kucheka.

"Jepkoech," Byron akajibu, kisha akageuka kukimbia tena.

Jepkoech alikuwa binti ya shangazi yake. Aliishi Kachibora, ng'ambo ya Kitale, kwa nyanya yao ambaye wote walimwita Kogo. Huko kulikuwa na desturi isiyovunjwa: kila Krismasi, Byron aliposhuka tu kwenye gari, kabla ya chai, kabla hata salamu hazijaisha, yeye na Jepkoech walishindana mbio kutoka langoni mpaka kwenye mkaratusi ulio karibu na kijito. Aliyeshindwa aliosha sufuria za sikukuu nzima. Mwaka uliopita alishindwa Byron. Aliziosha sufuria za ukoo mzima, nyeusi tititi kwa masizi, huku Jepkoech akimletea nyingine na kuimba. Jambo hilo lilimuuma mno. Mwaka huu alikuwa amejisifu kwenye simu mpaka Kogo akamkatia.

Shule zilipofungwa, Byron alikwenda dukani pamoja na Kasongo. Alitoka na soda mbili kubwa, mfuko wa krispi, biskuti za krimu na peremende za kujaza kofia.

"Hii chakula yote ni ya nani? Ya gari mzima?" Kasongo akauliza.

"Ya mwanariadha. Safari ni ndefu, inataka nguvu. Sukari ndiyo nguvu."

Kasongo alifikiri kidogo. "Sisimizi inakulaka sukari kila siku. Na bado iko sisimizi."

Debe tupu haliachi kuvuma, Byron alijiambia, ingawa hakujiuliza debe lenyewe lilikuwa nani.

Baba yake Byron, afisa wa maji wa kaunti, alikuwa na sifa moja aliyoipenda kuliko mshahara wake: aliendesha gari kutoka Kakuma hadi Kitale bila kusimama. "Gari ni kukanyaga mafuta," alizoea kusema. "Ukitaka kusimama, nunua kiti." Lakini safari hii walikuwa na abiria wa pekee. Kogo alikuwa ameomba mbuzi wa Turkana, kwa kuwa alisikia hawafi ovyo, na Baba akamnunulia mmoja mweupe mwenye sikio moja la kahawia na kengele shingoni. Mwanamke aliyemuuza alimpa Baba masharti. Mbuzi asilishwe mahindi njiani, tumbo litajaa hewa. Apewe majani na maji. Tena ashushwe kila mara atembee, la sivyo atafika miguu imekufa ganzi.

"Byron, huyu mbuzi ni wako," Baba alisema alfajiri ya safari, akimpa kamba ndefu. "Akifika amelegea, utamweleza Kogo mwenyewe. Nitasimama kwa ajili yake. Kwa ajili yake tu!"

Mbuzi alipanda nyuma ya gari lao, Probox. Mama, ambaye aliuza vitenge sokoni na hakupenda maneno mengi, alikaa mbele na kapu lake miguuni. Ndani mlikuwa na mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, ndizi, vipande vya tikiti na maji mengi.

"Kula yai, Byron," alisema kabla hata hawajaupita uwanja wa ndege.

"Nimeshiba, Mama." Alikuwa amekwisha kumaliza pakiti ya kwanza ya krispi.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu langu liko sawa, Mama. Jepkoech ataliona leo."

Lodwar walisimama karibu na daraja la Turkwel. Mama alishuka, akanyoosha mgongo, akatembea mpaka darajani na kurudi, kisha akala yai lake na kunywa maji. Baba alibaki kwenye usukani ili kulinda sifa yake. Byron naye alimshusha mbuzi, akamwekea maji na majani, kisha akarudi kitini mwake. Kamba si ilikuwa ndefu? Akaipitisha dirishani. Mkono mmoja ulishika kamba, mwingine ukazama kwenye biskuti. Mbuzi akalizunguka gari, akarudi, akalizunguka tena.

"Shuka nawe unyooshe miguu," Mama akamwambia.

"Natunza nguvu, Mama."

Walipofika Lokichar, mambo yalikuwa yale yale. Mbuzi alitembea, Byron alikaa. Soda ya kwanza iliisha hapo, na kilomita chache mbele soda ile ikaanza kudai haki yake.

"Baba," Byron akasema, amebana magoti, "mbuzi anataka kwenda haja."

Baba akatazama kwenye kioo. "Mbuzi amelala."

"Anaota anataka kwenda haja."

Mama alicheka mpaka yai likampalia, na Baba akasimamisha gari. Byron alishuka mbio, akarudi mbio, na huo ndio mwendo wote aliotembea siku hiyo. Kutoka Kainuk aliianza soda ya pili. Walipopanda milima ya Marich tumbo lake lilikuwa limekaza kama ngoma iliyoanikwa juani, na Kapenguria, baridi ilipoingia, aliona viatu vyake vimembana. Alikula peremende ili kujifariji.

Jioni waliingia Kachibora. Jepkoech alikuwa langoni, sketi ameikunja kiunoni, anarukaruka. Kogo alisimama kando yake na fimbo.

"Bingwa wa jangwani amefika!" Jepkoech akapiga kelele. "Shuka basi!"

Byron akafungua mlango, akatoa mguu wa kushoto, na mguu ukakataa kazi. Ulikuwa umekufa ganzi. Akautoa wa kulia. Huo ulikuwa umevimba, na kifundo chake hakikuonekana tena. Alishika mlango, akainuka taratibu kama mzee wa baraza, na mbweu ndefu ya soda ikamtoka kinywani mbele ya ukoo mzima.

"Mko tayari?" Kogo akauliza. "Haya!"

Wakati huohuo Baba alikuwa amefungua mlango wa nyuma. Mbuzi, aliyenyooshwa miguu Lodwar, akanyweshwa Lokichar na kulishwa majani njia nzima, aliona nyasi za kijani kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alitoka kama aliyeitwa jina. Akampita Byron, akampita Jepkoech, kamba ikimfuata nyuma, na watu wakasikia kengele yake ikilia kule kwenye mkaratusi. Jepkoech alifika wa pili. Byron alifika nusu ya njia, akashika tumbo, akakaa chini.

Kogo alikuja polepole na fimbo yake. "Mbuzi wa kwanza," akatangaza. "Jepkoech wa pili. Wewe, sijui nikuweke wapi."

Byron alitaka kulia. Mchanga wote ule, jioni zote zile, na bado sufuria zilikuwa zikimsubiri jikoni. "Nilifanya mazoezi, Kogo," alisema kwa sauti ndogo. "Kweli nilifanya."

"Naamini. Huyu mbuzi amekula nini njiani?"

"Majani. Na maji."

"Alikuwa amelala tu?"

"Hapana. Kila tulipoenda kidogo nilimtembeza."

"Na wewe?"

Byron hakuwa mwongo. Alizitaja soda, krispi, biskuti na peremende. Halafu, kwa aibu, akaeleza habari ya kamba na dirisha. Kogo hakucheka, ingawa mashavu yake yalitikisika.

"Mganga hajigangi," akasema. "Ulimtunza mbuzi vizuri sana, mjukuu wangu, nakushukuru. Lakini gari lilibeba watoto wawili, na mmoja hakuwa na mchungaji. Mwili uliokaa kutwa nzima, ukajazwa sukari, unafika umechoka kuliko uliotembea. Sasa inuka, sufuria ziko jikoni."

Byron aliziosha siku zote za sikukuu. Jepkoech aliimba, lakini safari hii alimsaidia kukausha, kwa sababu kumshinda mtu aliyeketi chini hakukumpa raha aliyoitazamia. "Tutarudia," alimwambia. Akaomba ruhusa ya kumalizia likizo Kakuma, na mashindano yakapangwa: kutoka kwenye gari mpaka ukingo wa laga, mara tu watakaposhuka.

Siku ya kurudi, Baba alisugua viganja kwa furaha. "Leo hatuna mbuzi. Hatusimami mpaka Kakuma!"

"Tunaye, Baba," Byron akasema. Alikuwa ameishika ile kamba. "Mbuzi ni mimi."

Mama aligeuka akamtazama mumewe. Baba alimwelewa vizuri sana.

Basi walisimama. Byron alikula viazi vitamu na mayai, akanywa maji, na kila waliposimama alijifunga kamba kiunoni, akashika ncha nyingine mwenyewe, akalizunguka gari.

"Unafanya nini?" Jepkoech akauliza.

"Namtembeza Byron."

Jepkoech alicheka mpaka Marich. Kule Kainuk aliitazama pakiti yake ya krispi, akairudisha kwenye mkoba, akaomba ndizi. Walipofika Lokichar, naye alikuwa ameshika kamba nyuma ya Byron. Hapo ndipo Baba, ambaye alikuwa amekula mandazi mfuko mzima huku mkono mmoja ukiwa kwenye usukani, alipojaribu kushuka akashindwa kunyooka. Mgongo ulikuwa umekataa.

"Shika kamba, Baba Byron," Mama akasema.

Baba akatazama kushoto, akatazama kulia, akashika. Wakazunguka gari watatu, watoto mbele, afisa wa maji nyuma, tumbo likitangulia magoti. Mchuuzi wa mifugo aliyekuwa akipita na mbuzi wake akasimama, akawaangalia kwa makini.

"Ejok," akasalimu.

"Ejok," Baba akajibu, akijaribu kusimama kwa heshima.

"Hii ya nyuma," mchuuzi akamuuliza Byron, "hii mnene. Unauza pesa ngapi?"

Mama alilazimika kuegemea gari. Baba alirudi kwenye usukani, na walipokuwa wakivuka Turkwel kule Lodwar akatamka: "Tukifika, nami nakimbia."

Alikimbia kweli, na shati la ofisini. Byron alishuka Kakuma miguu ikiwa myepesi, akachomoka, na mchanga aliouzoea ukampokea. Jepkoech alikuwa ubavuni mwake mpaka hatua za mwisho, kisha Byron akamtangulia kwa kifua. Wakaanguka wote ukingoni wakicheka. Baba aliwasili baadaye sana, kiatu kimoja mkononi.

"Wa mwisho huosha sufuria," Jepkoech akakumbusha kwa adabu.

Asubuhi Kasongo alipokuja kumwona rafiki yake, alimkuta Baba Byron uani, ameinamia karai, povu mpaka viwikoni. Kasongo alisimama, hakuamini macho yake.

"Jambo, mzee. Sababu gani unaosha masufuria?"

Baba aliinua sufuria, akaiangalia kama ina doa, akaisugua tena.

"Nilikaa sana, mwanangu," akasema. "Kila safari nilidhani nachosha gari, kumbe najichosha mwenyewe. Ukisafiri mbali, kula chakula cha kweli, kunywa maji, na shuka utembee. Usingoje mpaka mtu akuulize bei."