Labeka ya Bi Nazira

Guna tu. Guna mpaka koo likukauke. Nakujua wewe: umesoma, una gari lenye kiyoyozi, na majini unawaona ni maneno ya vizee vilivyokosa wa kuvisikiliza. Unadhani majini hawapandi ndege? Unadhani nao hupanga foleni ya viza? Watu walifunga masanduku yao Unguja wakayafungua Toronto, na hakuna aliyejua kilicholala chini ya nguo. Basi weka kikombe chini unyamaze. Ukishasikia, cheka, kama meno yatakuwa bado yanataka kuonekana.

Bi Nazira alikuwa na binti mmoja tu, Farhat. Huyo Farhat alimzaa Sabika, na Sabika akiwa bado hajaota meno ya mbele, alfajiri moja ya Januari, mama yake aliinuka kitandani, akasema, "Labeka," kumwitikia mtu ambaye hakuna mwingine aliyemsikia, akafungua mlango wa fleti akatoka na gauni la kulalia. Walimkuta kando ya mto Humber, kule Weston, miguu mitupu, theluji imemfunika vizuri kama aliyefunikwa na mtu anayempenda. Daktari alisema ni maradhi ya wazazi, yale yanayompata mwanamke akishajifungua. Bi Nazira hakubisha. Hakuwa na Kiingereza cha kubishia. Lakini alijua. Kwao Unguja shangazi yake aliitwa hivyohivyo, kutoka kisimani, na anayeita huivaa sauti ya yule aliyemchukua mara ya mwisho.

Ndiyo maana tangu siku ile Farhat alikuwa akimwita. Jikoni, ndani ya lifti, kwenye chumba cha mashine za kufulia. "Mama." Na Bi Nazira alikuwa akibana midomo, anaendelea kukunja shuka. Baba wa mtoto alioa tena Vancouver, akawa baba wa kadi za sikukuu. Sabika akalelewa na bibi yake na mjomba wake Anverali, ghorofa ya kumi na moja, Downsview, na madirisha yao yakitazama maghala.

Alikuwa mtoto wa huku: Kiswahili anakisikia, ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Bi Nazira alichoka naye, akamwachia. Kitu kimoja hakumwachia. Ukiitwa, huitiki "what". Unaitika labeka. Alimshindilia neno hilo kwa kofi na kwa peremende. Akamfundisha na la pili: ukiitwa na usiyemwona, nyamaza mpaka uitwe mara ya tatu, maana wao hawafiki ya tatu. La kwanza lilimkaa mtoto. La pili lilipita sikio hili likatokea lile.

Mwaka huo, tisini na sita, Muharram na Safar zilipokwisha, miezi ya maombolezo, na watu wakavua nguo nyeusi, Sabika akawa wa kuolewa. Mume mwenyewe ni Hyder, kijana wa watu wa Mombasa, fundi wa mashine kwenye bustani kubwa ya mabembea kaskazini ya jiji. Nikaha ilisomwa msikitini kwa heshima zake. Sherehe ya kumkabidhi bibi harusi ndiyo iliyotakiwa kufanywa huko kwenye mabembea, kwa kuwa waajiri wa Hyder walimpa ukumbi kwa bei ya mfanyakazi, na pia kwa sababu huko ndiko walikojuana, yeye akikaza skurubu na mwenzake akiuza aiskrimu.

Siku moja kabla, asubuhi, waliingia garini waende wakaupambe ukumbi. Bi Nazira alikaa nyuma na bakuli la kachori mapajani. Hawajatoka hata kwenye maegesho, akanusa.

"Nani kavaa asumini?"

"Mama, ni hicho kijiti cha harufu hapo kwenye kioo," Anverali akasema.

"Hicho kinanuka dawa ya choo. Mimi nasema asumini."

Hakuna aliyevaa. Na chini ya asumini palikuwa na harufu nyingine, ya koti la sufi lililolowa theluji, ile inayojaa ndani ya mabasi mwezi wa Januari. Ilikuwa Agosti. Jasho lilikuwa linamchuruzika Anverali mpaka kwenye mkunjo wa shingo. Bi Nazira akateremsha kioo, akasoma alichokijua, akapuliza pande zote.

"Bibi, unamtemea mate Uncle," Sabika akasema kwa Kiingereza, akicheka.

"Nyamaza, bibi harusi hachekicheki."

Mikono ya msichana ilikuwa na hina ya jana yake, imekolea nyekundu mpaka kwenye viwiko. Bi Nazira aliitazama, roho ikamtulia kidogo.

Huko bustanini Hyder aliwapokea na ovaroli lake, mafuta mpaka kwenye nyusi. Ukumbi wenyewe ulipakana na bembea ya farasi wa mbao, wale wanaozunguka na muziki. Wageni wa siku hiyo walikuwa bado hawajafunguliwa geti.

"Shikamoo, Bibi. Kesho Sabika atakaa juu ya yule mweupe. Nitawasha mashine, azunguke, kisha mimi nije nimshushe mbele ya watu."

"Yaani nimlishe, nimsomeshe, nimtie hina, halafu aletwe kwa mumewe na farasi asiyefika popote?"

"Angaa hali nyasi, Bibi."

Hata yeye alicheka. Iandike hiyo mahali, kwamba alicheka, maana ndiyo mara ya mwisho.

Wakataka kujaribu. Sabika akapanda farasi mweupe, akakaa kiupandeupande kama malkia. Anverali akaweka kamera yake ya video begani. Hyder akaingia kwenye kibanda cha mashine, akavuta mkono wa chuma, na wale farasi wakaanza kwenda, muziki ukalia kutoka kwenye spika zilizotundikwa juu ya nguzo.

Kisha muziki ukakwaruza.

"Sabika."

Sauti ilitoka kwenye spika, ya mwanamke, ya Kiunguja, taratibu kama mtu anayemwamsha mtoto aende chuo cha Qurani. Bi Nazira aliijua kabla haijamaliza kutamka. Bakuli la kachori likamtoka. Anverali hakugeuka. Baadaye aliapa kwamba alisikia mikwaruzo tu.

"Sabika, mwanangu."

"Usiitike!" Bi Nazira alipiga kelele. "Sabika, wee Sabika, nyamaza!"

Lakini muziki ulikuwa mkubwa, na farasi mweupe alikuwa ameshapinda upande wa pili, na kule nyuma ya vioo na taa, msichana ambaye kwa miaka yote hakumjibu bibi yake neno la Kiswahili zaidi ya lile moja, alilitoa hilohilo, safi, kwa adabu, kama alivyofundishwa.

"Labeka!"

Bi Nazira alikimbia na miguu yake mibovu kuizunguka ile bembea ili akutane naye mbele, na farasi mmoja akapita, na mwingine akapita, wa kahawia, wa kijivu, mwenye tandiko la dhahabu, wote watupu, macho yao ya rangi yakimtazama na meno yao yakicheka, na ile harufu ya sufi iliyolowa ikazidi mpaka ikamkaba pumzi, na muziki ukaanza kwenda polepole ingawa farasi hawakupunguza mwendo, na alipotokea yule mweupe mjukuu wake alikuwa juu yake vilevile, amekaa vilevile, isipokuwa nywele zake zilikuwa zimelowa zimemgandia usoni, midomo ya buluu, na juu ya mabega yake, kwenye jua lile la Agosti, theluji.

Hyder akazima mashine. Alimshusha mkewe, ndiyo, mbele ya watu, lakini si kwa namna aliyoipanga.

"Yuko baridi," akasema kwa sauti ndogo. "Bibi, mbona yuko baridi hivi?"

"Mpeleke garini. Usimuulize kitu. Na asiitwe jina lake na mtu yeyote."

Kwenye geti palikuwa na simu ya kulipia. Bi Nazira akampigia Mwalimu Zulfikar, mzee wa Weston aliyewafundisha Qurani nusu ya watoto wa jamaa, na siku za kazi akipakia mizigo kiwanja cha ndege.

"Kaitwa," akamwambia.

"Kaitika?"

"Kaitika."

"Mrudisheni nyumbani. Fungeni mlango wa roshani. Nakuja na nguo hizihizi za kazi."

Walimlaza sebuleni, mablanketi manne juu yake, na meno yalikuwa yanagongana mpaka chumba kizima kikasikia. Anverali alikuwa ameliegemea lile kabati walilolisogeza mbele ya mlango wa roshani, analia bila kujifuta. Bi Nazira alishika mikono ya mjukuu wake ili aipashe moto, ndipo akaiona hina. Ilikuwa inaondoka. Ncha za vidole zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe kama za maiti aliyeoshwa, na weupe ulikuwa unapanda, ua kwa ua, jani kwa jani, kuelekea kwenye kifundo cha mkono.

Mwalimu Zulfikar alifika na fulana ya njano ya kazini. Alisoma Yasini, akapuliza kwenye maji ya zafarani, akamnyunyizia. Sabika akafumbua macho, lakini aliyetazama si yeye.

"Mama," ile sauti ikasema kwa kinywa chake. "Kuna baridi huku, Mama."

"Usijibu, Bi Nazira," Mwalimu akanong'ona. "Si yeye huyo."

"Najua si yeye. Farhat hakuwahi kulalamikia baridi." Lakini aligeuza uso ukutani.

Mwalimu akamvuta jikoni. Alikuwa mtu mzima aliyeona mengi.

"Dada yangu, sitakudanganya. Huyu siwezi kumfukuza. Naweza kumhamisha tu. Hufuatana na aliyemwitikia wa mwisho."

"Basi niitikie mimi!" Hyder akasema mlangoni.

"Itikia mpaka kesho. Hakuiti wewe. Anataka mwanamke wa damu ile."

Bi Nazira alikuwa anafuta meza iliyokuwa safi. "Na akishahama?"

"Chini ya nyumba yangu kuna chumba. Utakaa naye humo. Mke wangu atakuletea chakula. Nyumba yenye Sabika usiingie tena, wala yenye watoto wa Sabika, wala wao wasije kwako. Siku Mwenyezi Mungu akikuchukua, jini atakuwa amekosa mtu wa damu yenu wa kumwita karibu."

"Chumba kina dirisha?"

"Dogo."

"Basi."

"Na jambo moja, shika sana. Ukishamwitikia, usiitikie mtu mwingine humu ndani mpaka mlango uufunge nyuma yako. Ukimwitikia wa humu, jini naye anabaki humu."

Aliporudi sebuleni weupe ulikuwa umefika viwikoni, karibu kuimaliza hina yote. Nyuma ya mlango lilikuwa limetundikwa gauni lake la kesho, la zambarau, bado limo kwenye mfuko wa dobi. Alilisogeza pembeni, akachukua koti lake la baridi lililokuwa nyuma yake, akalivaa, akafunga vifungo mpaka shingoni.

"Anverali, wee mtoto, acha kulia unisikilize. Biriani waambie wapishi wasitie pilipili nyingi. Mkufu wangu uko kwenye kopo la unga. Mvalishe wewe."

"Mama, tutamwambia nini?"

"Mwambieni nimekasirika kwa ajili ya farasi. Ataamini."

Akainama, akambusu msichana kwenye paji la uso. Lilikuwa kama kubusu kioo cha dirisha. Kisha akasimama katikati ya chumba, mkoba mkononi, akangoja kama watu wanavyongoja basi.

Sauti haikukawia. Ilitoka kwenye ujia wa fleti, upande wa nje.

"Mama."

Labeka ni ya mdogo kwa mkubwa. Mama hamwitikii mwanawe labeka. Lakini miaka yote ile, jikoni, liftini, kwenye kufua, alilimeza jibu lake, na kila alipolimeza alijua ni jini na kila alipolimeza lilimkwama. Sasa alifungua mdomo na midomo ikamtetemeka kama ya mtoto mdogo.

"Labeka, Farhat. Labeka, mwanangu. Nakuja."

Asumini ikajaa chumba kizima, kisha ikatoka yote kwa mara moja. Juu ya blanketi mikono ya Sabika ikaanza kurudiwa na rangi, kutoka kiwikoni kushuka chini, majani, maua, mpaka kwenye kucha. Akapumua. Akaketi. Akatazama huku na huku kama mtu aliyeshushwa kituo asichokijua.

"Bibi?"

Bi Nazira alikuwa ameshafika mlangoni. Hakugeuka.

"Bibi, unakwenda wapi na koti? Joto." Na alilisema kwa Kiswahili, lote, kwa lafudhi ya Unguja ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo. Bibi yake aliisubiri lafudhi hiyo miaka ishirini.

Mwalimu Zulfikar aliinua kidole mdomoni, anamwomba.

"Bibi! Nakuita, Bibi! Mbona huniitikii?"

Mkono ulikuwa kwenye kitasa. Anverali aliona mabega ya mama yake yakipanda mara moja, kama mtu aliyevuta pumzi ili aseme. Kisha yakashuka.

Akatoka, akaufunga mlango.