Nyufa za Mlima wa Reli

Kila jioni, akishafungia mbuzi, Witness alirudi shuleni pale Ilongero kuendelea na kazi yake na rafiki yake Noel. Walikuwa wakitengeneza mfano wa reli kwa ajili ya maonyesho ya shule: reli za waya, mataruma ya kulalia reli yaliyotengenezwa kwa njiti za kiberiti, nyasi za maganda ya alizeti, na mlima wa mawe uliofinyangwa kwa udongo wa kichuguu.

"Udongo ukaukie kivulini siku tatu, ndipo mpake rangi," Mwalimu Agripina aliwaonya.

Siku tatu! Kwa Witness huo ulikuwa mwaka mzima. Noel alipokwenda Sepuka kumsalimia bibi yake, Witness aliuanika mlima juani. Kufika adhuhuri ulikuwa umejaa nyufa. Harakaharaka akapaka rangi nzito ya kijivu, nyufa zote zikafichika, mlima ukang'aa kama sufuria mpya.

Alhamisi, siku moja kabla ya maonyesho, Noel aliubeba mfano kuupeleka ofisini. Mlangoni rangi ikabanduka vipande vipande.

"Noel, umeugonga wapi?" Mwalimu aliuliza kwa ukali. "Kesho ataubeba mwingine."

"Sijaugonga, mwalimu! Nimebeba taratibu kabisa," Noel alijitetea huku machozi yakimlengalenga.

Ilikuwa rahisi mno kwa Witness kunyamaza! Lakini alipomtazama rafiki yake, roho ikamsuta.

"Mwalimu, si Noel. Ni mimi. Niliuanika juani ukapasuka, nikaficha nyufa kwa rangi."

Mwalimu akauchunguza mlima, kisha akawaita dirishani. "Yale mawe pale nje yana rangi moja?"

"Hapana, mwalimu. Yana nyufa nyeusi, na juu yamepauka."

"Basi bandueni rangi yote. Changanyeni masizi na maji mengi, yaingie kwenye nyufa. Yakikauka, chovyeni brashi kwenye rangi nyeupe, ifuteni kwa kitambaa mpaka ikaribie kukauka, mpitishe juujuu kwenye kingo."

"Mimi sishiki brashi mpaka aniombe radhi," Noel alinuna.

"Nisamehe, Noel. Nimekuponza."

Noel akamsogezea kopo la masizi. Walipomaliza, mlima ulifanana na mawe halisi hata Noel akaugusa kuhakikisha.

"Nyufa hizi ndizo zilizoupendezesha mlima," alisema Mwalimu Agripina. "Ungenionyesha siku ileile, Witness, Noel asingelia. Ukikosea, sema mapema, usaidiwe kurekebisha."

"Ndiyo, mwalimu," Witness aliitikia. Kisha akamgeukia rafiki yake. "Noel, kesho beba wewe."